Mstari Uliolowa

Siku ya kumi na saba ya eda yangu, nilipotoka chumbani alfajiri, niliukuta mstari umelowa mlangoni. Si sakafu nzima. Marumaru zenyewe zilikuwa kavu, zinang'aa kama kawaida yake. Ni ule mstari wa simenti nyeupe kati ya marumaru ya kwanza na ya pili, ile simenti mafundi wanayoiita grauti, ndio uliokuwa mweusi tii, umekunywa maji. Nikadhani wifi yangu Rukaiya ameacha ndoo inayovuja. Nikamwita kwa sauti ya ugomvi, maana kwa sakafu yangu sina utani na mtu.

Tusidanganyane, mimi ni mtu wa sakafu. Mtaani kwetu Chamazi, wakitaka kumsema mwanamke anayedeki mpaka wageni wanaogopa kukanyaga, wananitaja mimi, Hamisa. Miaka tisa nimesugua mistari ile kila Ijumaa kwa mswaki wa meno, nimepiga magoti kanga imefungwa kiunoni. Nimeweka magadi, nimeweka siki, nimeweka jiki mpaka pumzi ikakata. Mume wangu Mwishehe, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka. "Hamisa, utaitoboa nyumba!" Nilizidi kusugua. Alidhani napenda usafi.

Basi siku ile Rukaiya alikuja amejifunga mtandio, usingizi bado machoni. Yeye ni dada yake Mwishehe, mdogo wake wa mwisho, na alikuwa amehamia kwangu kutoka Mbagala ili nisikae eda peke yangu. Wanangu wawili walikuwa wamesharudi makazini kwao, Mwanza na Tunduma. Rukaiya ni mnene, mcheshi, mkono wake jikoni hauna mfano. Tulipendana kiasi mawifi wanavyoweza kupendana.

"Mie sijagusa maji, wifi," alisema. "Ndoo hiyo hapo, kavu."

Nikachukua mswaki, nikausugua ule mstari mpaka ukawa mweupe. Kesho yake alfajiri ulikuwa umelowa tena, na wa pili yake nao umelowa.

Nikasema ni unyevu wa masika. Nikamwaga jiki, nikafunika na gazeti, nikaacha mpaka saa sita mchana. Simenti ikawa nyeupe kuliko siku iliyowekwa. Alfajiri iliyofuata mistari mitatu ilikuwa myeusi. Siku iliyofuata minne. Kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa chumba changu kuna marumaru ishirini na moja, nilikuwa nimezihesabu siku nyingi kabla ya hapo, na sasa nikaanza kuzihesabu kwa hofu. Ule weusi ulikuwa haurudi nyuma hata kidogo. Kila asubuhi ulisogea hatua moja.

Ulipofika mstari wa sita nikatupa mswaki nikachukua brashi ya waya. Nilisugua mpaka vidole vikatoka damu. Mwanamke aliye edani hana pa kukimbilia, hatoki miezi minne na siku kumi, kwa hiyo vita vyangu vyote vilikuwa mle ndani. Rukaiya alisimama jikoni akiniangalia. Alikuwa ameacha kupita katikati ya sebule. Akitaka kwenda uani alijibana ukutani, tumbo limegusa makochi, na mtu mnene kama yeye ningemcheka siku nyingine.

"Wifi," alisema siku hiyo, "nikuulize kitu usinikasirikie?"

"Uliza."

"Siku ile ulipoulizwa radhi. Ulimridhia kaka kwa moyo?"

 Nilimwambia akachemshe chai.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatolewa, mzee mmoja wa ukoo wao alikuja hadi mlangoni mwa chumba walichonikalisha, akaniuliza watu wakisikia, "Hamisa, umemridhia mumeo?" Nikasema, "Nimemridhia." Mwanamke gani atasema hapana na jeneza liko sebuleni? Nilisema kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa sijamridhia, na nilijua kwamba sijamridhia. Wakambeba, wakapita juu ya mistari ileile niliyoisugua miaka tisa, wakampeleka makaburini.

Sasa nieleze alichonifanyia.

Miaka tisa nyuma nyumba hii ndiyo kwanza ilikuwa inakamilika. Mwishehe alikuwa muuza mabati pale Mbagala Rangi Tatu, na alijenga kidogo kidogo kama watu wote. Marumaru ndizo zilizokuwa za mwisho. Fundi alikuwa Adelard, kijana wa Masasi, mpole, mkono wake umenyooka. Asubuhi moja saa kumi na mbili na nusu alianza kujaza grauti, akianzia mlangoni pa chumba changu na kurudi kinyumenyume kuelekea nje. Mimi nilikuwa chumbani nashona mapazia. Mwishehe akaniita kutoka uani, "Hamisa, usitoke mpaka nikwambie! Simenti mbichi!" Nikacheka, nikamwambia nimeshakuwa mwali. Chumba kina choo chake, sikuwa na shida. Simu yangu ilikuwa kwa fundi wa simu. Saa tatu Rukaiya, aliyekuja kuwapikia mafundi, alinipitishia chai na chapati dirishani, katikati ya nondo. Nikala, nikaendelea na mapazia yangu.

Ilipofika alasiri Mwishehe akafungua mlango. Nikatembea juu ya sakafu mpya, nimevua viatu, nafurahi kama mtoto. Akaniacha nifike katikati ya sebule. Ndipo akasema, "Hamisa, mama hatunaye. Wameshamzika."

Mama yangu alikuwa Kisiju. Si mbali. Asubuhi asubuhi, kwa gari, ningefika saa nne. Kaka yangu Farhan alikuwa amempigia Mwishehe saa moja na nusu, kwa sababu kwetu habari ya msiba wa mama haipelekwi kwa binti moja kwa moja, anaambiwa mumewe ili amwambie taratibu amemshika. Farhan aliniambia baadaye, "Tulikusubiri mpaka adhuhuri, dada. Maiti ilikuwa imelala, tunakusubiri wewe." Adhuhuri ikapita, wakaingia wanawake wa pale kijijini, wakamwosha wao.

Na mama alikuwa ameniusia. Miaka miwili kabla, nikiwa namkata kucha za miguu yake mibovu, aliniambia, "Hamisa, siku yangu ikifika uniogeshe wewe. Usiwaachie watu." Nikamwambia mama acha maneno hayo. Akasema, "Niahidi." Nikamwahidi. Mimi ni binti yake wa pekee, na kumwosha mama ni haki ya binti. Ni jambo la mwisho unaloweza kumfanyia aliyekuosha wewe.

Nilipomuuliza Mwishehe kwa nini, alijibu mara moja tu, akitazama chini. "Hata ungefika, wanawake hawaendi kaburini." Kana kwamba nililia kwa ajili ya kaburi! Sikumuuliza tena. Nilichukua mswaki Ijumaa iliyofuata nikaanza kusugua ile simenti aliyoithamini kuliko mama yangu, na kila nilipokuwa nikisugua nilikuwa nikimchukia. Nilimpikia, nikamlelea watoto wake, nikamuuguza kisukari chake mpaka mwisho. Radhi sikumpa.

Kwa hiyo Rukaiya aliponiuliza, nilikuwa nimeshajijibu siku nyingi. Nilijua ni Mwishehe anarudi. Alitolewa kwa mlango ule bila radhi, na sasa anarudi kwa mlango uleule kuidai, marumaru moja kwa siku. Niliogopa, nasema wazi. Nililala taa inawaka, na asubuhi kabla sijafungua mlango wa chumba nilikuwa nikisimama na mkono juu ya kitasa, nasoma kila aya ninayoijua.

Uliposogea hadi wa kumi na mbili nikashindwa. Baada ya sala ya adhuhuri nilikaa chini sebuleni, nikaweka kiganja juu ya simenti iliyolowa. Ilikuwa baridi, baridi ya kitu kilichokaa kivulini muda mrefu. Nikasema kwa sauti, "Mwishehe, nimekuachia. Ulinikosea sana, lakini nimekuachia. Nenda baba, kalale." Nikalia kilio ambacho sikukilia msibani. Nadhani safari ile, kwa kiasi fulani, ilikuwa kweli.

Alfajiri yake nikafungua mlango. Wa kumi na tatu umelowa.

"Basi si wewe," nikasema peke yangu pale mlangoni, na kama si yeye sikujua ni nani.

Rukaiya alitaka kurudi kwake. Nilimwambia aende tu, lakini hakwenda, na wala hakueleza kwa nini. Alikuwa amepungua, chakula anapika halafu hali. Nikamwambia tumwite fundi, huenda ni bomba, tumalize maneno. Alisema hapana, fundi wa nini, tuite mwalimu asome dua. Mwalimu alikuja akasoma, akatufariji, akaondoka, na mstari ukasogea. Ulipofika wa ishirini nilimpigia mwenyewe Adelard. Namba yake Mwishehe alikuwa ameiandika kwa makaa ukutani kwenye stoo.

Adelard alikuja saa nne asubuhi na begi lake la vifaa. Amekuwa mtu mzima sasa, mvi mbili tatu kidevuni. Mimi nilikaa chumbani, pazia limeshushwa mlangoni, kwa sababu ya eda.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba wa mzee."

"Marahaba baba. Ahsante. Hebu niangalizie huo mstari."

Nilimsikia akigonga na patasi. Aligonga mlangoni, akagonga katikati, akagonga karibu na pazia langu. 

"Mama, hapa hapapiti bomba. Bomba zote nilizipitisha kule upande wa choo, nakumbukaga kazi zangu. Na huku chini kukavu. Mchanga unapeperuka kabisa. Simenti juu imelowa chepechepe, chini vumbi." Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyependa anachokiona. "Mie sijawahi kukuta ishu kama hii."

"Labda siku ile hukuiacha ikauke vizuri."

"Ilikauka sana mama! Kwanza nilishangaa nyie mlivyosubiri mpaka alasiri. Mie nilisema masaa mawili, matatu, yanatosha kwa mtu kupita taratibu. Na ubao si niliuacha?"

"Ubao gani?"

"Ule ubao mrefu wa kupitia. Sie tukijaza grauti na ndani kuna mtu, tunaachaga ubao, ukiwekwa juu ya vitofali pale pembeni mtu anapita hata simenti iwe mbichi. Nilimwachia huyu dada hapa. Si alikuwa anapika? Nikamwambia, mama akipata dharura mwekeeni ubao apite." Nikamsikia akigeuka. "Si unakumbuka, dada?"

 Nikasikia mtu mzito akikaa chini, si kwenye kochi, chini.

Nilifungua pazia. Eda au si eda, nilifungua. Adelard akainamisha kichwa, akaanza kukusanya vifaa vyake haraka haraka. Alisema atarudi siku nyingine, akaondoka bila hata kumaliza soda tuliyomkaribisha. Rukaiya alikuwa amekaa ameegemea mguu wa meza, mikono imelala mapajani.

"Sema," nikamwambia.

"Watu wa Boko walikuwa wanakuja kesho yake kumposa mwanangu," alisema. "Kwangu unapajua wakati ule palivyokuwa, sakafu ya udongo, choo cha nje. Nikamwomba kaka tuwapokelee hapa. Kwenye tailizi." Akaipapasa marumaru kwa kiganja. "Simu ilipokuja, kaka alinifuata jikoni analia. Akachukua ubao mwenyewe. Alikuwa ameushika, wifi, wallahi alikuwa ameushika. Mie nikamshika mkono. Nikamwambia, ukimwambia sasa hivi atatoka mbio, hatapita juu ya ubao, atavuruga sakafu yote, na wageni kesho. Nikamwambia, kwani wanawake wanaenda kaburini? Mwache kidogo ikauke. Mie nilidhani lisaa limoja, mawili. Halafu saa zikaenda. Halafu tukaogopa."

"Ulinipa chai."

"Nilikupa."

"Ulisimama dirishani ukanipa chai, na mama yangu amelala ananisubiri."

Alilia sasa, kilio kibaya cha mtu aliyekibeba muda mrefu. "Kaka alitaka kukwambia. Nilimwapisha. Nikamwambia Hamisa akijua ni mimi hatakanyaga kwangu mpaka kufa, wewe ni mumewe atakusamehe. Ndio akasema lile neno langu kwako kama lake. Miaka yote alikuwaga anasema, Rukaiya, mwambie. Nisamehe wifi. Mie nimekuja kukaa hapa nikuombe radhi, kila siku nasema leo, kila siku mdomo unakataa."

 Nilirudi nyuma hadi kitandani, nikakaa. Nilimfikiria Mwishehe na ubao mkononi. Nilimfikiria akinitazama nikisugua, Ijumaa baada ya Ijumaa, akifanya utani kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Niliumia kwa ajili yake. Alikuwa dhaifu, alipaswa kuunyanyua ule mkono wa dada yake akautupa, lakini miaka tisa nilimlaza peke yake na lawama ya watu wawili.

Nilipoinua macho nikauona mstari.

Wiki tatu nzima nilikuwa nimeutazama nikiwa nimesimama, au nimepiga magoti juu yake. Sasa nilikuwa nimekaa kitandani, mahali nilipokaa siku ile na mapazia yangu, na kwa mara ya kwanza niliutazama kutoka pale. Mistari ishirini myeusi, mmoja baada ya mwingine, imenyooka kutoka mlango wa mbele mpaka kwangu. Ilikuwa imefika kizingitini. Mwishehe alitoka nyumba hii ameoshwa, ameswaliwa, amekamilika. Yeye hakuwa na la kuja kufuata kwa maji. Aliyekuwa akija taratibu, kwa hatua za mtu mzima mwenye miguu mibovu, alikuwa ni mtu niliyemwahidi.

Na mimi nilikuwa nimempokea kwa jiki. Siku ishirini nimemsugua kwa mswaki na kwa waya mpaka nikatoka damu mimi.

Nilisimama. Nikamwambia Rukaiya aende kwa jirani mwenye mkunazi akaombe majani, yale wanayooshea maiti, asiseme ya nini. Alinitazama, akaelewa, uso ukamwiva.

"Wifi, hiyo si dini."

"Najua si dini. Nenda."

Alikwenda. Nikabandika maji, nikayapoza, nikiyajaribu kwa kidole, mpaka yakawa vuguvugu la kuogeshea mtoto. Alipoleta majani niliyaponda, nikayatia ndani ya ndoo, nikayakoroga mpaka yakatoa povu. Nikatafuta kitambaa laini kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikakikata vipande. Nikafunga mlango wa mbele. Nikapiga magoti pale kizingitini, nikasema bismillahi, nikaanza upande wa kulia.

Sikusugua. Nilipitisha kitambaa juu ya mstari taratibu, kwa ncha za vidole, kama unavyopita shingoni na nyuma ya masikio. Nilikuwa nikisema naye, mambo madogo, kwamba nipo, kwamba nimechelewa, kwamba maji si ya moto. Nilifika mstari wa tatu nikakwama. Huwezi kuosha peke yako. Mmoja anapitisha mkono na mwingine anamwaga maji, ndivyo inavyofanywa, na nikiweka kitambaa chini nichukue kata, simenti ilikuwa inatangulia kukauka.

Rukaiya alikuwa amesimama jikoni mlangoni, hajui akae au aondoke. Nilimwonyesha kata kwa kidevu. Akaja, akapiga magoti ng'ambo ya mstari, akachota maji. Mengine yakamwagikia gauni lake.

"Wifi," alisema, "ina maana umeni—"

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Mwaga, lakini taratibu. Usimwamshe."

Akamwaga.